Mbegu za Pilipili: Namna ya Kuzichagua, Kuzitunza na Kuzipanda



Hapa Kapata ni watu wachache wanaokula bukari pasipo pilipili. Lakini wengi hununua pilipili sokoni kwa mafungu madogo, siku kwa siku, na wenye bustani hununua mbegu tena kila mwaka. Zamani, wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, mfanyakazi alipewa posho ya unga. Katika mpango ulioanza mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Tangu hapo bustani ya nyumbani si mchezo. Ni chakula cha watoto. Basi, yafaa tujue kutunza mbegu zetu wenyewe.

FAIDA YAKE KWA MWILI

Pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, ikiiva na kuwa nyekundu ina vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito ule ule. Vitamini hii husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika maharagwe na majani ya mboga. Chuma huongeza damu, nayo damu ni lazima kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto anayekua. Tena vitamini C huharibika kwa moto mwingi. Kwa hiyo kata hoho vipande vidogo, uitie chunguni mwishoni, chakula kinapokaribia kuiva.

KUCHAGUA MBEGU

Usichukue mbegu za pilipili yoyote uliyoipata jikoni. Anza shambani, mche ungali unazaa.

1. Chagua mche wenye nguvu, wenye matunda mengi na mazuri. Mche wenye majani yaliyojikunja au yenye madoadoa ya manjano uache, maana magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu.

2. Funga uzi katika tunda ulilolichagua, ili mtu asilichume kwa chakula. Liache mpaka liive kabisa. Tunda la kijani lina mbegu changa zisizoota vizuri.

3. Ukinunua mbegu za pakiti, tazama kama imeandikwa F1. Mbegu za namna hiyo huzaa vizuri mwaka wa kwanza, lakini watoto wake hawafanani na mama yao.

Wengine hushangaa wakisema, "Nilipanda hoho tamu, mbona zimetoka kali?" Si uchawi, wala si jirani mwenye wivu. Ua la pilipili hujizalisha lenyewe mara nyingi, lakini nyuki huweza kuleta unga wa ua la pilipili kali. Tunda la mwaka huu halibadiliki; mbegu zilizo ndani yake ndizo zilizobadilika, na ukali utaonekana mwaka ujao.

Dawa yake ni rahisi. Kabla maua hayajafunguka, funika tawi moja kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. (Usikate chandarua mnacholalia!) Maua yakifunguka, tikisa tawi polepole kila asubuhi. Matunda madogo yakionekana, ondoa kitambaa na kuyatia alama ya uzi.

KUKAUSHA NA KUWEKA

Wakati mzuri wa kuchuma mbegu ni mwisho wa mvua, mwezi wa nne na wa tano, kwa sababu kiangazi kinaanza na hewa ni kavu. Pasua tunda, kwangua mbegu, uzitandaze kivulini juu ya sahani au karatasi mahali penye upepo. Usizianike juu ya bati lenye jua kali, maana zitakufa. Zigeuze kila siku. Baada ya wiki mbili hivi, jaribu kukunja mbegu moja. Ikikunjika bado ni mbichi, ikivunjika imekauka.

Tia mbegu kavu katika karatasi, na karatasi katika chupa yenye kifuniko pamoja na majivu makavu kidogo. Andika jina na mwaka. Weka chupa mahali penye giza na baridi. Mbegu zilizotunzwa hivi hudumu miaka miwili au mitatu.

KUJARIBU NA KUPANDA

Kabla ya kupanda, funga mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu, uweke mahali penye joto. Baada ya wiki mbili zihesabu. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 5, panda mara mbili ya ulivyokusudia. Zikiota 2 tu, tafuta nyingine.

Usipande mwezi wa sita au wa saba. Usiku wa Kolwezi ni wa baridi wakati huo, na mbegu huoza zikingoja joto. Panda mwisho wa mwezi wa nane au mwezi wa tisa. Chukua mkebe uliotobolewa chini, tia udongo mwepesi uliochanganywa na mbolea iliyooza, fukia mbegu kina cha nusu ya kucha, na kumwagilia kidogo kila siku. Miche ikiwa na majani matano au sita, na mvua zikianza, ihamishe. Acha nusu mita kati ya mche na mche. Usiipande palipokuwa na nyanya, bilinganya au tumbaku, kwa kuwa ni jamaa moja nayo magonjwa yao ni mamoja. Mvuta tumbaku na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa miche.

VUMBI NA MAJI YA MADINI

Hili ni jambo kubwa kwetu sisi tunaokaa kati ya migodi. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walieleza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Mwaka 2018 walieleza habari za Kasulo, hapa Kolwezi: watoto ndio waliokuwa nayo nyingi zaidi, na vumbi ni njia mojawapo inayoiingiza mwilini.

Basi:

- Usimwagilie bustani kwa maji yanayooshewa mawe ya madini.
- Usianike mbegu wala kuweka udongo katika gunia lililobeba madini, hata ukiliosha.
- Weka bustani mbali na barabara ya malori na mbali na mahali pa kupondea mawe. Ua wa miti huzuia vumbi kidogo.
- Udongo wa kichuguu kilicho mbali na migodi, au chokaa kidogo, hupunguza uchungu wa ardhi, na mmea huvuta madini machache.
- Osha kila tunda kwa maji safi kabla ya kulikata. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi madini.

MAONYO

Ukali haumo hasa katika mbegu, bali katika nyama nyeupe inayozishika. Ukimaliza kupasua, nawa mikono kwa mafuta, kisha kwa sabuni, wala usiguse macho, wala usimshike mtoto mchanga kabla ya kunawa. Pilipili haitibu malaria wala minyoo. Usimpige mtoto bomba la maji ya pilipili, wala usimtie pilipili machoni kwa kumwadhibu au kumfukuzia pepo. Huumiza utumbo na macho. Mtoto aliyetendewa hivyo aletwe hospitali upesi, na jicho lioshwe kwa maji mengi safi njiani.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini tunafunga uzi katika tunda la mbegu?
2. Utajuaje kwamba mbegu imekauka?
3. Maji unayomwagilia bustani yako yanatoka wapi, na ni nani anayeyatumia juu yako?

Ukiwa na mbegu za kutosha, mpe jirani. Zako zikipotea, utazikuta kwake.