Spika Ngumu na Amplifaya ya Bei Nafuu

Katika nyumba nyingi za Mwanza, spika kubwa za mtumba hutoa sauti hafifu, na lawama zote zikaangukia spika. Aghalabu kasoro imo katika amplifaya.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, geuza spika usome mgongoni. Ya omu 4 huvuta mkondo wa umeme maradufu ya ile ya omu 8. Tazama na desibeli: spika ya desibeli 84 huhitaji wati mara nne ili ilingane kwa sauti na ya 90. Amplifaya dhaifu ikilazimishwa, qiraa hukwaruza, mashine huchemka, na kispika cha sauti nyembamba ndicho huungua kwanza.

Usihadaike, basi, na maelfu ya wati za PMPO yaliyochapwa kwenye boksi. Hayo ni mapambo ya biashara. Uliza wati za RMS, na kwa omu ngapi. Kwa sebule ya kawaida, wati 50 za kweli kila upande, katika mashine inayokubali omu 4, kwa kawaida zatosha. Binafsi ningechagua kuukuu iliyo nzima kuliko mpya yenye maneno mengi.

Ila chunguza kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na umeme wetu ni volti 230: bila transfoma ya kuushusha itaungua, pengine na kuhatarisha nyumba. Bei ya transfoma hiyo uihesabu kabla hujapatana na muuzaji, na amplifaya ijaribiwe kwa spika zako mwenyewe, si za dukani.