Kijiti cha Mtego

Aliyewahi kutega ndege shambani anaijua bunduki kuliko anavyodhani. Fimbo inapindwa, kamba inavutwa, na nguvu yote ile inashikiliwa na kijiti kimoja kilichobanwa pembeni. Kijiti kikizama mno, ndege atakula punje zote na kwenda zake. Kikishika kwa ncha tu, upepo utaufyatua mtego hujafika nyumbani. Ndiyo maana neno kifyatulio linanipendeza: kidole kwenye bunduki hakirushi risasi, kinaondoa kijiti.

Tuitazame bunduki moja ambayo wapenda shabaha wengi wa Marekani wameifanyia mazoezi ya ufundi. Ni Mosin-Nagant, iliyopokewa na jeshi la Urusi mwaka 1891 na kutengenezwa kwa mamilioni. Vita Baridi vilipokwisha, nyingi zilitolewa kwenye maghala na kuuzwa Marekani kama mitumba. Kuna miaka ilipatikana moja kwa chini ya dola 100. Mtu ananunua yake, anakwenda uwanjani, analenga vizuri, anaanza kuvuta. Kifyatulio kinacheza kwanza, kwa kuwa hakina springi yake ya kukirudisha. Kinagota. Kisha kinaburuzika kama kreti ya soda sakafuni, kinakwama, kinaburuzika tena, na mlio unamkuta ameshakodoa macho akiusubiri.

Ndani yake hakuna maajabu. Pini ya kupigia, ile inayogonga fataki ya risasi, inasukumwa mbele na springi nene. Kinachoizuia ni jino dogo la chuma lililochomoza juu ya bamba linalonesa, lililofungwa kwa skrubu chini ya mwili wa bunduki. Ukivuta kifyatulio, bamba linashuka na jino linateleza kwenye uso wa pini hadi linaachia. Kile anachokiita mlenga shabaha “utamu” wa kifyatulio kinaamuliwa na nyuso hizo mbili: zimelainika kiasi gani, zinagusana kwa kina gani, na kwa pembe ipi. Chuma chenye mikwaruzo ya tupa ya kiwandani, kilichotoka haraka wakati wa vita, hakitelezi. Kinaruka kutoka kovu hadi kovu, na kidole kinayahisi yote.

Kwa nini jambo dogo hivi lihangaishe watu? Piga hesabu. Mosin ya aina ya 91/30 ina uzito wa kilo 4 hivi na urefu wa mita 1.23. Kifyatulio chake mara nyingi kinadai nguvu ya kilo 2.5 au zaidi. Yaani kidole kimoja kinavuta kwa nguvu inayozidi nusu ya uzito wa bunduki nzima, kisha ghafla upinzani unatoweka. Mdomo wa mtutu ukihama milimita 1 wakati kitako kimetulia begani, risasi itapotea kama sentimita 8 kwa umbali wa mita 100. Hujapepesa jicho, umeshakosa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa ufundi huu anapokosea kwa mara ya kwanza: anadhani dawa ni wepesi. Kanuni za mashindano ya kimataifa zinadai kifyatulio cha bastola ya upepo ya mita 10 kihimili angalau gramu 500, na bado mabingwa wanapiga kumi baada ya kumi. Kidole kinazoea uzito. Kisichozoeleka ni mshtuko, siku moja kifyatulio kiachie hapa, siku nyingine pale. Kilo 2 zinazoachia mahali palepale kila mara, kama kijiti cha kioo kinachovunjika, zina faida kuliko kilo 1 yenye mikwaruzo.

Kwa hiyo fundi mwenye busara anaanza kwa kuosha. Grisi ya ghalani iliyoganda miongo kadhaa inaondolewa, na wakati mwingine nusu ya malalamiko inaondoka nayo. Halafu anapima kwa mizani ya springi, ileile ya wavuvi, akiining'iniza kwenye kifyatulio mara kumi na kuandika kila kipimo. Baadaye ndipo linakuja jiwe laini la kunolea na mafuta. Anasugua kuondoa mikwaruzo, basi. Pembe haiguswi. Ngozi ngumu ya chuma hicho inaweza kuwa nyembamba, na ukiitoboa unafika kwenye chuma laini kitakacholika polepole, bila taarifa, hadi jino lishike kwa ncha.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakikata kipande cha kopo la soda na kukibana kwenye skrubu ili jino lishuke kidogo. Kuburuzika kunapungua kweli, na furaha yao inaeleweka. Mimi nakitazama kikopo hicho kwa jicho la pembeni. Kina cha mgusano ambacho mhandisi wa jeshi alikiacha hakikuwa uvivu. Alikuwa anamfikiria askari mwenye glavu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, anayejikwaa mtaroni akiwa na risasi kwenye chemba.

Hata viwanda vinateleza hapa. Mwaka 2014 Remington iliita bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zirudishwe, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha vipande ingeweza kuifanya bunduki ijifyatue yenyewe. Gundi tu! Savage, kwa upande wao, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitoa AccuTrigger, ambayo ina ulimi mwembamba katikati ya kifyatulio. Ulimi usipobonyezwa na kidole, jino likiteleza kwa bahati mbaya linanaswa kabla ya kuiachia pini. Wepesi wake mwenye bunduki anaurekebisha mwenyewe, na kizuizi cha pili kinabaki kazini.

Mosin haina kizuizi hicho cha pili. Ndiyo maana kazi ikiisha, bunduki haipelekwi uwanjani moja kwa moja. Chemba inakaguliwa kwa jicho, kisha kwa kidole. Bolti inayoziba chemba inafungwa kwa nguvu, kwa hasira hasa, mara kumi, mara ishirini. Kitako kinagongwa kwenye mpira wa sakafuni, bunduki ikiwa imekokiwa. Fundi anasikiliza. Akisikia “tak” moja tu ambayo kidole chake hakikuiagiza, skrubu inafunguliwa, kopo la soda, kama lilitiwa, linakwenda jaani, na bamba la zamani, kama alikuwa amelibadilisha bila kulitupa, linarudi mahali pake.