Piko: Kwa nini ilikupendeza harusi iliyopita, safari hii imekuunguza

Jumamosi harusi, Jumatatu mkono unawasha. Jumanne maua yaliyochorwa kwa ustadi yameinuka juu ya ngozi kama yamedariziwa kwa uzi. Kufikia Jumatano kuna malengelenge, na yanafuata mchoro wenyewe, jani kwa jani.

Wanawake wengi wa Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa wanaijua hadithi hii. Kama haikuwapata wao, basi ilimpata dada, shoga au wifi. Na karibu kila anayeisimulia hushangaa kitu kilekile: mwaka jana alipaka piko hiyohiyo, kwa mchoraji huyohuyo, na hakupata hata kipele.

Jibu lipo, ila linahitaji kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo siku hizi vinauzwa kama kimoja.

Hina ni jani, piko ni rangi ya nywele

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Huvurugwa kwa maji au limau, huachwa yakae, kisha hupakwa na kubaki mwilini kwa saa nyingi. Ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa, na kadiri siku moja au mbili zinavyopita rangi hiyo huelekea kwenye wekundu wa kahawia. Hapo ndipo mwisho wake. Hina safi haitoi weusi wa makaa, hata ukiilalia usiku kucha.

Piko ni habari nyingine. Kwa kawaida ni unga wa rangi nyeusi ya nywele, uleule ambao wazee hupaka kuficha mvi na wengi huuita kanta. Unachanganywa na maji, au na peroksaidi ya kuiamsha rangi, na wengine wanautia ndani ya hina ili iwe nyeusi. Ukipakwa unakauka fasta, unashika ndani ya muda mfupi, na unatoa ule weusi unaoonekana vizuri kwenye picha. Ndiyo maana unapendwa. Bibi harusi mwenye ratiba ya singo, saluni, fundi nguo na wapiga picha hana saa 8 za kukaa amenyoosha mikono, na hilo ni la kueleweka kabisa.

Tatizo liko kwenye kemikali inayofanya kazi ndani ya unga huo: parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD.

Kwa nini kichwani inaruhusiwa, mkononi hapana?

Unywele uliochomoza nje ya ngozi umekufa, na rangi ya nywele imetengenezwa ikae hapo kwa dakika chache kisha ioshwe. Ngozi ya mkono iko hai. Ukichora piko, unaibandika PPD moja kwa moja kwenye ngozi na kuiacha ikauke hapohapo.

Halafu kuna suala la kiasi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele, na hauruhusu kabisa kuitumia kuchora ngozi. Marekani nayo hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Lakini mchoraji anayevuruga unga wake kwa kijiko jikoni hana kipimo. Anataka rangi ikolee, basi anaongeza. Sampuli za "hina nyeusi" zilizopimwa maabara katika nchi mbalimbali zimekutwa na PPD inayozidi kiwango hicho cha nywele kwa mara kadhaa.

Mara ya kwanza mwili unasoma tu

Sasa turudi kwenye lile swali la mwaka jana.

Kinachotokea kwa wengi ni aleji, au mzio kama wanavyosema hospitali, na mzio wa aina hii hauji kwa pupa. Siku ya kwanza PPD inapoingia, inajishika kwenye protini za ngozi. Chembe za kinga za mwili zinaiona, zinaihesabu kuwa adui, na zinaihifadhi kwenye kumbukumbu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Mara nyingi rangi imeshaanza kufifia na mhusika hajahisi lolote. Wapo wanaowashwa wiki moja baadaye na kudhani ni joto, au ni sabuni mpya.

Safari inayofuata, kinga haianzi upya. Inamkumbuka adui na inamvamia ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo ile harusi ya mwaka jana iliyopita salama ndiyo inayoweza kuwa iliandaa balaa la mwaka huu. Mchoraji hakubadilisha kitu. Ni mwili uliobadilika.

Hii pia ndiyo sababu ushauri maarufu wa "jaribu kidogo kwanza nyuma ya sikio" hauna nguvu kama watu wanavyodhani. Ukijaribu asubuhi na kuchorwa jioni hujajaribu kitu, maana majibu yanaweza kuja kesho kutwa. Na hata usipowashwa leo, hakuna dhamana ya mara ijayo.

Kovu linapona, mzio unabaki

Malengelenge hupona, mara nyingi kwa wiki chache. Huacha alama, nyeupe au nyeusi kuliko ngozi, na kwa wenye asili ya kuota makovu makubwa yanaweza kubaki mabonge. Lakini hilo siyo jambo kubwa kuliko yote.

Kumbukumbu ile ya kinga kwa kawaida haifutiki. Binti aliyeunguzwa mkono akiwa na miaka 20 anaweza kusahau kabisa, kisha akifika 45 anapaka rangi ya nywele kuficha mvi. Safari hii kinachovimba ni kichwa, masikio na macho, wakati mwingine hadi macho yafumbe. Hali ni hiyohiyo kwa mwanaume anayepaka ndevu kanta.

Na PPD ina ndugu zake. Aliyekwisha kupata mzio nayo anaweza kudhurika pia na baadhi ya dawa za ganzi kama benzokaini, baadhi ya rangi za nguo za giza, na hata vifaa vya mpira mweusi. Ndiyo maana ukiwa hospitali au kwa daktari wa meno, sema wazi kwamba piko iliwahi kukuunguza. Wengi hawasemi kwa sababu wanaona ni mambo ya urembo tu.

Watoto wasichorwe

Sikukuu ya Idi hakuna mtoto anayetaka kubaki nyuma, na mama wengi wanaona ua moja dogo kiganjani halina neno. Kwa piko, lina neno. Mtoto anayepata mzio akiwa na miaka 5 anaishi nao maisha yote. Ulaya, vifurushi vya rangi ya nywele hubeba onyo kwamba havikusudiwi kwa walio chini ya miaka 16, na vinataja michoro ya hina nyeusi kwa jina kuwa inaongeza hatari ya aleji.

Kwa watoto wachanga, hata hina safi inataka tahadhari. Kuna hali ya kurithi ya upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria, na madaktari wameshaeleza kisa baada ya kisa cha wachanga wenye hali hiyo ambao chembe zao za damu zilivunjika baada ya kupakwa hina. Acha afikishe umri.

Kopo la unga wenyewe pia lisikae ovyo. PPD ikimezwa ni sumu kali: inavimbisha koo na kuharibu figo. Sudan na Morocco zimepoteza watu kwa njia hiyo.

Ikishakuwasha

Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, taratibu. Usisugue kwa jiwe, usipake limau, dawa ya meno wala mafuta ya taa ili "kuitoa". Rangi haitoki, unachotoa ni ngozi. Usitumbue malengelenge. Nenda kituo cha afya, kwa sababu dawa ya kupaka inayotuliza mzio huu inatakiwa iandikwe kulingana na ukali wake. Ile krimu ya dukani aliyokupa jirani inaweza kuwa siyo yenyewe. Uso ukivimba, pumzi ikibana au ukihisi kizunguzungu, usisubiri kukuche.

Anayesahaulika katika haya yote ni mchoraji. Mteja anakutana na piko mara moja kwa mwaka, yeye anaishika kila wikiendi kwa vidole vitupu. Vidole vinapasuka, vinawasha, na siku moja kazi inamshinda. Glavu zinasaidia, na zile za naitrili ni bora kuliko za mpira mwembamba, ambazo PPD hupenya.

Namna ya kumjua anayekuchora

Muulize moja kwa moja: ni hina au ni piko? Kisha angalia. Hina safi ikiwa mbichi ina rangi ya kijani au ya udongo na inanukia majani, pengine na mafuta aliyotia. Ukiambiwa itatoa weusi tii, na uioshe baada ya nusu saa, hiyo ni rangi ya nywele hata kama koni imeandikwa "asili". Koni isiyo na orodha ya vilivyomo, iache dukani.

Anayetaka hina ikolee bila piko anahitaji zaidi muda kuliko dawa. Achorwe siku 2 kabla ya harusi, siyo usiku wa kuamkia, kwa sababu rangi hufika kilele chake siku ya pili. Hina ikae usiku mzima, ibanduliwe kwa kukwangua bila maji, na mikono isiguse maji kwa saa nyingi kadiri iwezekanavyo. Joto kidogo husaidia. Na viganja na nyayo hushika rangi kuliko sehemu nyingine zote za mwili, kwa hiyo mwambie mchoraji maua mazito ayaweke huko, na juu ya mkono apitishe mstari mmoja tu.