Kisa Kimoja, Wasimulizi Wanne

Juma hili tuzungumzie picha za sinema, lakini si kwa kusifu steringi wala mapigano. Tuangalie namna picha inavyotusimulia hadithi, na namna inavyotuongoza tumwamini nani.

Wataalamu wa usimulizi hutenganisha mambo mawili ambayo sisi watazamaji huyachanganya. La kwanza ni kisa, yaani matukio yenyewe kama yalivyofuatana. La pili ni msuko, yaani namna msimulizi alivyoyapanga mbele yetu. Wahakiki wa Urusi walilisisitiza jambo hili katika miaka ya 1920. Ukindu ni ule ule, lakini kila msukaji hutoa mkeka wake. Chukua picha ya upelelezi: katika kisa, mwuaji hupanga, huua, kisha hutafutwa. Katika msuko, sisi twaanza na maiti, na mpango wa mwuaji twaujua dakika za mwisho.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Ufaransa, Gérard Genette, aliongeza maswali yanayofaa sana kwa sinema. Tukio lililotokea mara moja linasimuliwa mara ngapi? Na anayesimulia ndiye huyo ambaye tunaona kwa macho yake?

Mfano mzuri ni Rashomon, picha ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1950, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Venice mwaka 1951. Samurai, yaani askari wa tabaka la juu wa zama za kale, amekutwa amekufa msituni, na mkewe amenajisiwa na jambazi. Jambo hilo lilitokea mara moja, lakini twasimuliwa mara nne. Jambazi anajigamba kwamba alimwua samurai katika pambano la haki. Mke anasema mumewe alimtazama kwa dharau, naye akazirai akiwa na jambia mkononi; alipozinduka akamkuta amekufa. Marehemu, akisema kupitia kwa mganga wa kupandisha mizimu, anadai alijiua. Mkata kuni, anayesema aliona yote, anasimulia kwamba wanaume wale walipigana huku wakitetemeka kwa woga.

Kwa kawaida mshitakiwa hudanganya ili aponyoke. Hapa jambazi na marehemu kila mmoja anajitwika mauaji, na mke anaacha dalili kwamba huenda ni yeye. Kinacholindwa si shingo, bali heshima. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata mkata kuni anashukiwa kuiba lile jambia la thamani, na huenda ndiyo sababu mahakamani hakusema yote.

Sasa tazameni uwezo wa sinema. Mtu akisimulia kwa mdomo, twakumbuka kuwa ni yeye asemaye. Picha haisemi "alidai"; inaonyesha. Kila ushahidi katika Rashomon unaonyeshwa waziwazi kana kwamba ndio ukweli. Tena hakimu haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanatazama mbele, wakitukabili sisi. Kiti cha hakimu ameachiwa mtazamaji.

Na kiti hicho, ndugu zangu, tunakikalia kila siku. Twahukumu ugomvi wa ndoa kwa kusikia upande mmoja. Siku hizi picha fupi ya simu huzunguka mji mzima, ikaanzia pale kofi lilipopigwa, na lililotangulia limekatwa. Kabla ya jua kutua mtu ameitwa mwizi, na pengine amekwisha kupigwa mawe.

Basi ukiangalia picha yoyote, jiulize: kisa kilianzia wapi, na msuko umeanzia wapi? Nani anasimulia, na ngozi anaivutia upande gani? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Ukikosa jibu, subiri kwanza kabla ya kuinua jiwe.