Katrina na Harvey: hasara moja, maji ya njia mbili

Wandugu, tukisikia kimbunga kimepiga mji, swali la kwanza ni: kategoria ngapi? Ile namba inapima upepo tu. Haisemi maji yatatokea wapi, wala yatapita wapi. Tuangalie miji miwili ya kusini mwa Marekani, upande wa Ghuba ya Mexico.

New Orleans, 29 Agosti 2005. Katrina iliingia nchi kavu ikiwa kategoria 3. Upepo ulisukuma bahari, maji yakapanda na kuingia mpaka ndani ya mifereji ya mji. Sasa, New Orleans iko sawa vile sahani: karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari. Juu ya nini? Sehemu kubwa ilijengwa kwenye kinamasi. Sisi wa agronomia tunaujua udongo ule: ukiutoa maji kwa pompi miaka na miaka, mabaki ya majani yanapata hewa, yanaoza, na ardhi inashuka. Na kuta za kuzuia maji zilisimama juu ya udongo huohuo mlaini. Zilipasuka mahali zaidi ya 50. Ukuta wa mfereji wa 17th Street ulianguka hata kabla maji hayajafika juu yake. Asilimia 80 ya mji ikazama. Katrina iliua watu zaidi ya 1,300, wengi wao wazee. Maelfu walibaki mjini kwa kukosa gari ya kukimbilia.

Houston, Agosti 2017. Harvey iliingia Texas tarehe 25 karibu na Rockport, zaidi ya kilomita 200 kutoka Houston, ikiwa kategoria 4. Ule upepo mkali haukufika Houston. Lakini kimbunga kilikawia eneo lile siku kadhaa, kikimwaga mvua. Kule Nederland, mashariki ya Houston, ilinyesha zaidi ya milimita 1,500. Yaani kwa kila mita moja ya mraba, bidoni 75 za litri 20! Udongo wa pale ni mfinyanzi mzito: ukishalowa unajifunga, maji hayapenyi. Na palipokuwa majani, leo ni beto na lami. Tarehe 28 mabwawa ya Addicks na Barker yakafunguliwa kwa makusudi, na nyumba za upande wa chini zikaingia maji. Harvey iliua moja kwa moja watu 68, karibu wote juu ya mafuriko.

Hasara ya kila kimbunga ilikuwa karibu dola miliari 125, kwa bei za wakati wake. Kumbe gharama moja, lakini ugonjwa si mmoja, njo maana dawa pia si moja. New Orleans ilijenga upya kuta zake, na Ida ya kategoria 4 ilipokuja 29 Agosti 2021, kuta zile zilishikilia, hata kama mji mzima ulikosa umeme. Houston haiponi kwa ukuta, kwa sababu maji yanatoka juu. Inahitaji nafasi ya kuyaweka: mabonde yasiyojengwa, mifereji mipana, udongo usiofunikwa.

Kwetu Kongo vimbunga vya bahari havifiki, lakini mvua tunaijua. Kabla ya kununua parseli, usiulize bei peke yake. Uliza: maji yanatoka wapi hapa, na yanapita wapi?