Pampu ya Besimenti Hufia Kwenye Boya

Aprili ya mwaka mmoja, katikati ya masika, niliitwa kwenye jengo la ghorofa saba Upanga, Dar es Salaam. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu katika maegesho ya chini, na magari mawili yalikuwa yameshasukumwa kwa mikono hadi kwenye mteremko wa kutokea. Msimamizi wa jengo alinipokea akiwa amekunja suruali hadi magotini. "Injinia, ya pampu usiniulize," alisema. "Pampu ni mpya, tumeinunua Januari. Hii ni mvua tu imezidi."

Nilimwomba kwanza azime breka ya umeme wa chini. Kisha nikaingia majini na tochi hadi kwenye shimo la pampu. Boya lilikuwa limejisokota kwenye waya wake na kubanwa ukutani, limelala chini ya maji kama embe dodo lililotupwa kisimani. Nikalinasua kwa mpini wa ufagio, tukapanda mteremko, breka ikawashwa. Pampu ikanguruma. Kabla ya adhuhuri sakafu ilikuwa inaonekana.

Katika kazi hii nimekutana na pampu chache sana zilizokufa zenyewe. Mara nyingi mashine huwa nzima, ila boya limenasa, umeme umekatika, au bomba la kutolea maji limeziba. Mwenye jengo hutumia fedha nyingi na mawazo mengi kuchagua pampu, halafu besimenti ikafurika kwa sababu ya kitu ambacho hakukifikiria hata dakika moja. Kwa hiyo tutachagua pampu, lakini tusiishie hapo.

Maji yanatoka wapi?

Maeneo mengi ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari yana udongo wa kichanga, na maji ya ardhini hayako mbali na uso. Masika yakikolea, maji hayo hupanda zaidi. Ukichimba besimenti ni kama umezamisha kopo tupu kwenye mchanga uliolowa: maji yatatafuta njia ya kuingia ndani, na wakati huohuo yatalisukuma kopo lipande. Kila mita moja ya maji iliyo juu ya usawa wa sakafu yako huisukuma sakafu hiyo kwenda juu kwa karibu tani moja katika kila mita ya mraba. Zege zuri na lami ya kuzuia maji hupunguza uvujaji, lakini maungio ya ukuta na sakafu hubaki kuwa sehemu dhaifu.

Ndiyo maana huchimbwa shimo kwenye kona ya chini kuliko zote, lile ambalo mafundi huliita sampu. Mifereji iliyojazwa kokoto chini ya sakafu huyaleta maji shimoni, na pampu huyatoa nje kabla hayajaleta madhara.

Kabla ya kununua chochote, yajue maji yako. Funga koki zote za jengo, kisha uiangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, una bomba linalovuja, na dawa yake ni fundi bomba. Kama maji yananuka, huenda chemba au karo linavujia ndani. Hapo unahitaji kuziba uvujaji, na pampu ya maji safi itaziba na kuungua. Kama jengo liko karibu na bahari na vyuma vinaliwa na kutu haraka, maji yana chumvi. Pampu ya chuma cha kawaida haitadumu hapo, tafuta yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Pima kabla ya kwenda dukani

Siku ya mvua kubwa, chukua rula na simu yenye saa. Subiri pampu iliyopo imalize kazi, izime, kisha pima maji yanapanda sentimita ngapi kwa dakika moja. Shimo la mita moja kwa mita moja hurahisisha hesabu: kila sentimita ni lita 10. Maji yakipanda sentimita 5, yanaingia lita 50 kwa dakika. Nunua pampu inayoweza kutoa mara moja na nusu hadi mara mbili ya hapo, yaani lita 75 hadi 100.

Sasa pima kimo. Anzia kwenye usawa wa maji shimoni hadi mahali bomba linapomwaga nje. Tuseme ni mita 4 na nusu. Kila kona ya bomba na kila mita ya urefu wake huyapunguzia maji nguvu, kwa hiyo ongeza mita moja na nusu. Jumla ni mita 6.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye lebo ya pampu kuna namba mbili ambazo muuzaji huzitaja kwa pumzi moja: "Hii inatoa lita 220 kwa dakika, inapandisha mita 8." Zote mbili ni za kweli, ila hazitokei pamoja. Lita 220 hutoka pampu inapomwaga bila kupandisha maji popote. Mita 8 ni pale maji yanapofika juu na kusimama, lisitoke hata tone. Kwenye mita zako 6, pampu hiyo huenda isikupe hata nusu ya lita ulizoahidiwa. Mwombe muuzaji mchoro wa pampu, ule wenye mstari unaoshuka, usome lita zinazotoka kwenye kimo chako. Kama hana mchoro, chagua pampu ambayo kimo chake cha juu kabisa ni karibu mara mbili ya kimo chako.

Kubwa sana nayo ina balaa lake. Mota huumia zaidi inapowaka kuliko inapozunguka, kwa kuwa wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Chukua pampu ya lita 100 kwa dakika, maji yakiingia lita 50. Katika shimo la mita moja kwa moja, boya likiachia sentimita 30 kati ya kuwasha na kuzima, pampu itafanya kazi dakika sita na kupumzika dakika sita. Hiyo ni mara tano kwa saa. Ichukue pampu hiyohiyo uiweke kwenye shimo la sentimita 45 kwa 45, boya likiachia sentimita 15 tu: itawaka sekunde 36, izime sekunde 36, mara 50 kwa saa, usiku kucha. Mwenye jengo atalaani kampuni iliyoitengeneza, kumbe kosa ni la shimo.

Boya, valvu na bomba

Kuna boya linaloning'inia kwenye waya na kuelea huku na huku, na kuna boya linalopanda na kushuka kwenye fimbo. La waya ni rahisi na lina nguvu, lakini linahitaji shimo pana lisiguse ukuta wala bomba. Kwenye shimo jembamba weka la fimbo. Vyovyote iwavyo, funga waya wa pampu na waya wa boya kwenye bomba kwa vibano, ili usibaki mzigo wa nyaya zinazoelea.

Juu ya pampu weka valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo mafundi huiita nonritani. Bomba la milimita 50 lenye kimo cha mita 3 hubeba karibu lita 6. Bila valvu, lita hizo hurudi shimoni kila pampu inapozima, na pampu huyapandisha maji yaleyale tena na tena. Chini ya valvu hiyo toboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5, lielekee shimoni, ili hewa isije ikanasa na pampu ikazunguka bila kusukuma kitu. Tundu hilo litatema maji kidogo pampu ikifanya kazi. Usimruhusu fundi aliyekuja baadaye aliwekee gundi akidhani ni uvujaji.

Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano huongezeka takriban mara 32. Limwage maji kwenye mtaro wa mvua ulio wazi, mbali na ukuta wako na wa jirani. Ukimwaga chini ya dirisha lako, maji yatashuka mchangani na kurudi shimoni, nawe utakuwa unalipia umeme wa kuyazungusha.

Usiku umeme ukikatika

Mvua inayojaza shimo ndiyo hiyohiyo inayoangusha nguzo. Pampu isiyo na umeme wa akiba ni mwavuli unaofunguka siku za jua. Jenereta ni suluhisho kama lipo na kuna mtu wa kuliwasha. Kwa jengo dogo, inveta na betri vinatosha, mradi ufanye hesabu. Pampu ya wati 400 inayofanya kazi nusu ya muda hutumia wastani wa wati 200. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampia 200, ukitumia nusu yake ili isife mapema na kuondoa kinachopotea kwenye inveta, itakupa takriban saa tano. Inveta nayo ichaguliwe kwa kuangalia mruko wa kuwasha mota. Ya wati 500 kwa pampu ya wati 400 itazima kila mara.

Palipo na magari au mitambo ya thamani, weka pampu mbili. Boya la pili likae juu kidogo ya la kwanza, na juu ya yote mawili kuwe na boya la tatu linalopiga kengele kwenye kibanda cha mlinzi.

Mambo mawili yameua watu na hayana mjadala. La kwanza ni umeme: saketi ya pampu iwe na swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na asiingie mtu majini kabla breka haijazimwa. La pili ni moshi: jenereta au pampu ya petroli isiwashwe ndani ya besimenti hata dakika chache. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulegea kabla hajajua kwamba yuko hatarini.

Matunzo

Mara moja kwa mwezi, jaza maji shimoni hadi boya liinuke. Shimo dogo linataka ndoo chache, kubwa linataka mpira wa bustani. Usiliinue boya kwa mkono ukaridhika, kwa sababu hutajua kama maji yenyewe yataliinua. Simama usikilize: mlio wa kusaga ni mchanga kwenye impela, yaani pangaboi linalosukuma maji, na mvumo bila maji kutoka ni hewa iliyonasa au bomba lililoziba. Toka nje uhakikishe maji yanamwagika kwa nguvu ileile ya mwezi uliopita.

Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, zima breka uitoe pampu. Ivute kwa kamba iliyofungwa kwenye mkono wake, kamwe usiivute kwa waya wa umeme. Safisha chujio, zoa tope, iweke juu ya tofali ili isikae kwenye mchanga. Ukikuta mchanga mwingi kila mara, hiyo ni habari nzito kuliko pampu: huenda udongo unanyonywa kutoka chini ya msingi. Mwite mhandisi.

Pampu hii ina mipaka yake pia. Imewekwa kwa maji yanayojipenyeza, na mafuriko yanayoshuka kwa mteremko wa magari haiyawezi. Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalipopita New York, watu 11 walikufa katika makazi ya chini ya ardhi, maji yakiingia kwa kasi ambayo hakuna pampu ya nyumbani ingeifikia. Kinga ya hapo ni tuta mlangoni, mtaro mpana wenye chuma cha wavu, na njia ya pili ya kutokea. Na kama besimenti imeshajaa, usikimbilie kuikausha kwa siku moja. FEMA, shirika la maafa la Marekani, hushauri kutoa takriban theluthi moja kwa siku, kwa sababu maji ya ndani yanasaidia kuta kushindana na udongo uliolowa wa nje.

Mwaka uliofuata nilipita Upanga. Msimamizi alinishusha hadi kwenye shimo, sasa likiwa na mfuniko wa wavu, mpira wa bustani umeviringishwa kwenye ndoano, na daftari la shule limetundikwa kwa kamba. Kila mwezi ulikuwa na tarehe na sahihi ya mlinzi wa zamu. Kwenye mstari wa Oktoba palikuwa na maneno mawili: "Boya jipya." Pampu ni ileile ya Januari.