Siri Iliyobebwa na Upepo: Jinsi Bomu la Kwanza la Urusi Lilivyotambuliwa Mwaka 1949

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika mwaka 1945, mataifa mawili makubwa yaliyokuwa yameshirikiana kumshinda Hitler yalibaki yakitazamana kwa jicho la shaka. Upande mmoja ulikuwa wa Marekani, iliyojitangaza kuwa mlinzi wa demokrasia na soko huru. Upande wa pili ulikuwa wa Muungano wa Kisovieti, ambao wengi wetu tumezoea kuuita kwa mkato Urusi, na ambao ulijengwa juu ya misingi ya ukomunisti. Majeshi yao hayakupigana ana kwa ana, na ndiyo sababu mashindano hayo yakaitwa vita baridi.

Vitabu vya historia hueleza vizuri upande wa siasa wa mashindano hayo: kugawanywa kwa Ujerumani, msaada wa Marshall uliotangazwa mwaka 1947, na kuzingirwa kwa Berlin mwaka 1948 na 1949. Makala haya yanakusudia kueleza upande ambao mara nyingi huachwa, yaani upande wa sayansi. Tutaona jinsi taifa moja lilivyoamini kwamba elimu ya maumbile yaweza kufungiwa sandukuni, jinsi taifa la pili lilivyoamini kwamba laweza kulipua bomu bila jirani kujua, na jinsi vumbi lililopeperushwa angani lilivyozikanusha imani zote mbili.

SIRI YENYEWE ILIKUWA NINI?

Mwezi Desemba 1938, mjini Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta bariamu mahali ambapo haikutazamiwa kuwapo. Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza maana ya jambo hilo: kiini cha atomu ya urani kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Tendo hilo huitwa mwatuko. Kiini kinapoatuka hutoa nishati nyingi sana, na pamoja nayo nyutroni mbili au tatu. Nyutroni hizo zaweza kuatua viini vingine, navyo vikatoa nyutroni zaidi, na mnyororo ukaendelea.

Habari hizi zilichapishwa mwanzoni mwa mwaka 1939, zikasomwa na wanafizikia wa kila nchi. Kwa hiyo kanuni ya bomu la atomiki haikuwa siri. Kilichofichwa baadaye kilikuwa ufundi: namna ya kupata urani ya kutosha, namna ya kutengeneza plutoni katika vinu vya nyuklia, na namna ya kuigandamiza plutoni hiyo kwa kasi inayotakiwa ili ilipuke.

Katika suala la kupata urani ndipo bara letu linapoingia katika hadithi hii. Mgodi wa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, ulikuwa na mawe yenye urani nyingi kuliko migodi mingine iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, aliamuru tani zipatazo 1,200 za mawe hayo zipelekwe New York. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani wakati wa vita ilitoka katika mgodi huo. Vibarua wa Kikongo walioyachimba na kuyachagua mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yalikuwa ya kazi gani.

UKIMYA ULIOSEMA

Kila mwaka nifundishapo fizikia ya kiini, wanafunzi huniuliza: ni nani aliyeiba siri ya bomu akawapa Warusi? Jibu la kwanza huwashangaza. Siri ilianza kuvuja kwa sababu ya kufichwa kwake.

Mapema mwaka 1942 mwanafizikia kijana Georgii Flerov, aliyekuwa akitumikia jeshi, aliingia katika maktaba ya chuo kikuu cha Voronezh kutafuta majarida ya kigeni. Alitaka kuona wenzake wa Marekani na Uingereza walikuwa wameandika nini juu ya mwatuko, somo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifanyia utafiti. Hakukuta kitu. Majina mashuhuri yaliyokuwa yakionekana kila mwezi yalikuwa yametoweka. Flerov hakudhani kwamba mabingwa hao wamechoka na somo lao. Alitambua kwamba wamekatazwa kuandika, na kwamba jambo linalokatazwa kuandikwa wakati wa vita haliwezi kuwa jingine ila silaha. Mwezi Aprili 1942 alimwandikia Stalin barua kumtahadharisha.

Wapelelezi nao walifanya kazi yao. Klaus Fuchs, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika maabara ya Los Alamos, aliwapa Warusi maelezo ya bomu la plutoni, na mwaka 1950 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha miaka 14. Bomu la kwanza la Urusi lilifuata mfano wa lile lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Lakini mchoro peke yake haulipuki. Ilibidi kikosi cha wanasayansi kilichoongozwa na Igor Kurchatov kijenge kinu chake cha kwanza mjini Moscow, kilichoanza kazi tarehe 25 Desemba 1946, kisha kinu kikubwa zaidi katika milima ya Ural, na kutafuta urani huko Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia na Asia ya Kati.

Wakubwa wa Marekani hawakulitazama jambo hilo hivyo. Waliamini kwamba mshindani wao angechukua muda mrefu. Mwezi Julai 1949 shirika lao la ujasusi lilikadiria kwamba wakati ulioelekea zaidi kwa bomu la Urusi kuwa tayari ni katikati ya mwaka 1953. Mwezi mmoja tu baadaye, asubuhi ya tarehe 29 Agosti 1949, bomu hilo lililipuliwa karibu na Semipalatinsk, katika nyika za Kazakhstan. Nguvu yake ilikuwa sawa na ya tani 22,000 za baruti ya TNT. Moscow haikutangaza neno.

KARATASI YA CHUJIO

Dalili ya mvua ni mawingu. Tangu mwaka 1947 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limepewa kazi ya kutafuta dalili za milipuko ya atomiki popote duniani. Njia mojawapo ilikuwa nyepesi ajabu. Ndege za hali ya hewa zilifungwa visanduku vyenye karatasi ya chujio. Ndege ikiruka, hewa hupita katika karatasi na vumbi hunaswa. Ikitua, karatasi hupimwa kwa kihesabio cha Geiger, chombo ambacho hugonga kila kinapopitiwa na mnururisho.

Tarehe 3 Septemba 1949 ndege moja ya namna hiyo iliruka kutoka Misawa, Japani, kwenda Alaska. Katika kimo cha mita 5,500 hivi, mashariki ya rasi ya Kamchatka, karatasi yake ilinasa vumbi lililotoa migongo 85 kwa dakika. Kiwango kilichowekwa cha kuamsha tahadhari kilikuwa 50. Ndege nyingine zilirushwa, za Uingereza nazo zikajiunga, na katika kisiwa cha Kodiak, Alaska, maji ya mvua yaliyokingwa mapaani yakaonyesha dalili zilezile. Upepo wa juu, uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki katika latitudo hizo, ulikuwa umebeba habari ambayo magazeti hayakuwa nayo.

SAA MBILI NDANI YA VUMBI MOJA

Lakini je, vumbi hilo lilitoka katika bomu, au katika kinu cha nyuklia kilichopata ajali? Na kama ni bomu, lililipuka lini? Hapa walimu wa sekondari watapata mfano mzuri wa kufundishia.

Urani au plutoni inapoatuka huzaa elementi nyingi zenye unururifu, na kila moja hupungua kwa mwendo wake. Muda unaotakiwa ili nusu ya atomu ziishe huitwa nusu-uhai. Tuchukue elementi mbili. Molibdeni-99 ina nusu-uhai wa saa 66, yaani siku 2 na robo tatu. Bariamu-140 ina nusu-uhai wa siku 12 na robo tatu hivi. Katika mwatuko elementi hizi mbili huzaliwa kwa idadi zinazokaribiana. Basi tuseme tumeanza na atomu 1,000 za kila moja:

Baada ya siku 2 na robo tatu: molibdeni 500, bariamu 860.
Baada ya siku 5 na nusu: molibdeni 250, bariamu 740.
Baada ya siku 11: molibdeni 62, bariamu 550.

Tazama jinsi uwiano unavyobadilika. Mwanzoni idadi ni sawa. Baada ya siku 5 na nusu molibdeni ni kama theluthi moja ya bariamu. Baada ya siku 11 ni kama sehemu moja ya tisa. Elementi hizo mbili ni kama saa mbili zilizoanza kwenda pamoja, moja kwa haraka na nyingine polepole. Anayezisoma zote mbili anaweza kurudi nyuma hadi wakati zilipoanza. Si lazima kujua vumbi lilikuwa kiasi gani, kwani uwiano haubadiliki hata kama karatasi imenasa sehemu ndogo mno.

Uwiano huo huo hutofautisha bomu na kinu. Katika kinu mwatuko huendelea kwa miezi, hivyo elementi zenye nusu-uhai mrefu hurundikana kupita zile za muda mfupi. Katika bomu zote huzaliwa kwa pamoja, kufumba na kufumbua. Wanakemia wa Marekani walikuta kwamba vumbi la Septemba lilikuwa na umri mmoja, kwamba lilizaliwa siku za mwisho za Agosti, na kwamba lilikuwa na chembe za plutoni. Jopo lililoongozwa na Vannevar Bush, ambalo Robert Oppenheimer alikuwa mjumbe wake, lilikagua ushahidi huo na kuukubali. Tarehe 23 Septemba 1949 Rais Truman aliutangazia ulimwengu kwamba mlipuko wa atomiki umetokea katika Urusi. Siku mbili baadaye shirika la habari la Urusi lilijibu kwamba nchini humo kulikuwa na kazi kubwa za ujenzi zinazotumia baruti, na kwamba siri ya silaha ya atomiki waliijua tangu mwaka 1947.

HOFU ILIYOZAA HOFU

Kama mataifa hayo yangejifunza kutokana na jambo hilo, huenda yangekubali kwamba hakuna taifa linaloweza kuhodhi kanuni za maumbile. Kinyume chake, kila upande ulitafuta silaha kubwa zaidi. Tarehe 31 Januari 1950 Truman alitangaza kwamba kazi ya bomu la haidrojeni itaendelea. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ililipua chombo chake cha kwanza cha namna hiyo, chenye nguvu ya tani milioni 10 za TNT. Tarehe 12 Agosti 1953 Warusi walijibu kwa bomu la tani 400,000. Tarehe 1 Machi 1954, katika kisiwa cha Bikini, Marekani ililipua bomu la tani milioni 15.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na hapa ziliumia kabla tembo hawajapigana. Vumbi ambalo huko Alaska lilikuwa migongo michache katika kihesabio lilikuwa limepita kwanza juu ya kijiji cha Dolon, zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali pa mlipuko. Wanakijiji hawakuwa wameonywa. Miaka mitano baadaye vumbi la Bikini liliwaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap na wavuvi wa Kijapani waliokuwa baharini. Walipata majeraha ya ngozi na magonjwa, na mvuvi mmoja alifariki mwaka huo huo. Upande mmoja ulijiita wa uhuru, na wa pili ulijiita wa wafanyakazi. Walioishi chini ya upepo hawakuulizwa na upande wowote.

KUTOKA UPELELEZI HADI MKATABA

Elimu ileile iliyozaliwa kwa ajili ya upelelezi ilifungua pia mlango wa mapatano. Mataifa yasiyoaminiana hayawezi kutiliana saini bila njia ya kuhakikisha, na hewa ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba haifichi kitu. Tarehe 5 Agosti 1963 Marekani, Urusi na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani, majini na katika anga za mbali. Majaribio ya chini ya ardhi yaliachwa, kwa kuwa hawakupatana juu ya namna ya kuyakagua.

Mwaka 1996 ulifunguliwa mkataba wa kukataza majaribio yote. Haujaanza kutumika kisheria, kwa sababu baadhi ya nchi ambazo ni lazima ziuridhie hazijafanya hivyo. Hata hivyo vituo vyake vya uchunguzi vimetapakaa duniani. Kilimambogo, nchini Kenya, kipo kituo cha kupima mitetemo ya ardhi. Nairobi kipo cha kusikiliza mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa masikio. Na Dar es Salaam kipo cha kunasa vumbi la unururifu. Uwanja wa Semipalatinsk ulifungwa tarehe 29 Agosti 1991, na siku hiyo sasa huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kupinga majaribio ya nyuklia.

Kituo cha Dar es Salaam kinafanya kazi kwa kanuni ileile ya mwaka 1949: hewa hupitishwa katika chujio, kisha chujio hupimwa. Ila sasa matokeo hayafungiwi katika kabati la taifa moja. Hupelekewa nchi zote zilizotia saini, kubwa na ndogo. Mwanafunzi anayejua kukokotoa nusu-uhai anaweza kuyasoma mwenyewe.